Uzi: Viluwiluwi vya chura kwenye kidimbwi cha bustani, kuanzia yai mpaka anaporuka nchi kavu

KidimbwiUani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za masika.

Kila mvua zikishika, swali ni lilelile: "Kidimbwi changu kimejaa vidude vyeusi vyenye mikia, nimwage maji?" Tafadhali usimwage. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye maji kidogo uani: nusu pipa, beseni lililofukiwa ardhini, kidimbwi cha saruji, au kile cha urembo chenye pampu ya sola inayorusha maji. Niko Dar, kwa hiyo joto na vyura ninaowazungumzia ni wa pwani. Mlioko Njombe, Arusha au Limuru, kila hatua kwenu itachukua muda mrefu zaidi.

Kwanza hakikisha ni vya chura. Viluwiluwi vya mbu ni vyembamba, vingi huning'inia kwenye uso wa maji kichwa kikiwa chini, na kivuli chako kikipita juu yao vinazama kwa kujinyonganyonga. Vya chura vina kichwa na tumbo vilivyoungana kuwa duara moja, mkia bapa, na muda mwingi vinakwangua ukuta wa kidimbwi au jani. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye maji mamoja. La mbu najua litaletwa humu, maana Dar homa ya dengi inayoenezwa na mbu tunaijua.

Anayetaga sana majumbani kwetu ni yule chura mkubwa wa kahawia, mwenye vipele mgongoni, anayekoroma usiku kucha baada ya mvua. Kitaalamu anaitwa *Sclerophrys gutturalis*. Mayai yake huyatambua mara moja: nyuzi ndefu za utelezi zilizozungushwa kwenye mimea, ndani yake nukta nyeusi zimepangana mithili ya shanga. Jike mmoja anataga maelfu kwa usiku mmoja, hata zaidi ya 10,000. Elewa hilo tangu mwanzo, kwa sababu pipa lako haliwezi kulea 10,000. Wengi wataliwa au watakufa, na ndivyo uzazi wa chura ulivyo. Wakibaki makumi kadhaa wenye afya kwenye nusu pipa, umefanya vizuri sana.

Ukiona viluwiluwi vinavyoonesha mpaka ndani, vina ndevu mbili ndefu mdomoni, na vimesimama katikati ya maji kichwa kikiinama huku ncha ya mkia ikitetemeka, hao ni wa chura wa majini mwenye kucha miguuni, *Xenopus*. Hawakwangui kitu, wanachuja chembechembe kwenye maji. Maji ya kijani kwao ni chakula, usiyasafishe.

Sasa msimamo wangu, na nitautetea uzi mzima: viluwiluwi vya uani ni nadra kufa kwa njaa. Vinakufa kwa maji mabaya, na vile vilivyovuka salama vinakufa mwishoni kabisa kwa kukosa pa kutokea.

Maji: mvua ni bora kuliko yote. Ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kuongeza. Ya kisima kirefu yaonje kwanza. Sehemu nyingi za Dar visima vina chumvi, na kidimbwi hukusanya chumvi: jua linavuta maji, chumvi inabaki, unaongeza mengine yenye chumvi, inazidi. Usibadilishe maji yote kwa mpigo. Toa theluthi moja, rudisha theluthi moja, tena taratibu.

Mahali: kivuli cha nusu siku. Beseni jeusi lililo juani saa nane mchana linapata joto la kuua.

Na pa kutokea. Hapa nisomeni kwa makini.

Miguu ya nyuma hutangulia, inachomoza pale mkia unapoanzia. Ya mbele inakua imefichwa chini ya ngozi, kisha inatoka ghafla, mara nyingi mmoja ukitangulia mwingine. Kuanzia hapo mwili wote unageuka kwa siku chache. Matamvua yananywea na mapafu yanashika kazi. Mdomo mdogo wa kukwangua unavunjwa, unajengwa mpana wa kumeza wadudu. Ule utumbo mrefu uliojiviringa, ambao ulikuwa unauona kupitia ngozi ya tumbo, unafupika. Siku hizo hali kitu, anaufyonza mkia wake mwenyewe. Haogelei vizuri kwa sababu mkia unaisha na miguu bado haina nguvu. Kama kuta za kidimbwi ni wima na laini, anazunguka akitafuta pa kushika mpaka anachoka na kuzama. Unamkuta asubuhi ana miguu minne kamili, amekufa.

Kwa hiyo weka mteremko. Jiwe la matumbawe, kipande cha gogo la mnazi, tofali lililoegeshwa: chochote chenye uso wa kukwaruza, kianzie chini ya maji na kifike ukingoni. Angalia tena maji yanapopungua, maana mteremko uliofika vizuri wiki iliyopita unaweza kuwa umeachwa juu hewani. Na upande wa nje akute majani makavu, mimea, udongo wenye unyevu. Akitua kwenye vigae vya jua, sentimita moja ile ya mwili inakauka kabla hajafika popote.

Karibuni.

MamaMchicha

Asante kwa uzi mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Swali la chakula hujaligusa. Wanangu wanawatupia ugali na makombo ya chapati, na wanavigombania kweli. Ni sawa?

KidimbwiUani

Dada, wanakula, ila kinachobaki ndicho kinachooza na kuchafua maji. Kidimbwi kilichokaa muda, chenye ule utelezi wa kijani kutani, tayari kina chakula chao. Ukiona kuta zimekwanguliwa zikabaki nyeupe, hapo ongeza. Chukua majani machache ya mchicha, yachemshe mpaka yalainike, yapoze, yakate vipande, weka kiasi cha kuliwa siku hiyo. Jioni kilichobaki kitoe. Watoto wawape kazi hiyo ya kutoa mabaki, watafurahi vilevile.

Usishangae ukiona wamemzunguka mwenzao aliyekufa wakimla. Ni kawaida, wanahitaji protini. Chembe ndogo ya chakula cha samaki mara mojamoja inatosha.

FundiSaruji

Nichangie upande wangu wa ujenzi. Kidimbwi kipya cha saruji usikitie uhai wowote mara kinapokauka. Saruji mpya inaachia chokaa kwenye maji, maji yanakuwa makali, hata samaki hufa. Jaza maji, yakae siku kadhaa, mwaga, sugua kuta kwa brashi, jaza tena. Rudia mara kadhaa. Wateja wengi wanataka kidimbwi leo na samaki kesho, haiwezekani.

Na kwa huo mteremko aliosema mwanzisha uzi: mwambie fundi wako tangu mwanzo upande mmoja aumwage kwa mteremko, asipige plasta laini. Aache uwe wa kukwaruza. Haiongezi gharama yoyote.

KidimbwiUani

Fundi, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Asante sana.

BintiTabata

Jamani mimi vyangu vinakufa. Kidimbwi ni cha plastiki, maji ya mvua, kivuli kipo. Jioni vyote vizima, asubuhi nakuta kadhaa vimeelea. Maji yamekuwa ya kijani kabisa. Nifanyeje?

MwalimuBaiolojia

Vikifa alfajiri, mara nyingi tatizo ni hewa. Ule ukijani ni mimea midogo sana. Mchana inatengeneza oksijeni, usiku inaitumia. Kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni inakuwa chini kuliko saa zote, na maji ya vuguvugu hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Viluwiluwi vya chura wa vipele vinaumia zaidi kwa sababu mapafu yao hayafanyi kazi mpaka karibu na kugeuka, wanategemea matamvua na ngozi. Wale wa *Xenopus* wanapanda juu kumeza hewa tangu wakiwa wadogo, ndiyo maana unaweza kuwakuta hai kwenye dimbwi ambalo wengine wameshakufa.

Fanya haya leo: toa theluthi ya maji na kurudisha ya mvua, punguza idadi kwa kuwagawia chombo kingine hapohapo nyumbani, acha kulisha siku kadhaa, ongeza kivuli. Kama una pampu, iwashe usiku.

BintiTabata

Pampu ipo ya sola, ya kurusha maji. Usiku haiwaki, na mchana niliizima baada ya kuona inawavuta.

KidimbwiUani

Ya sola isiyo na betri usiku haitakusaidia kweli, basi punguza idadi na maji ya kijani kama mwalimu alivyosema. Ila mchana unaweza kuiwasha bila kuua mtu. Vua kifuniko cha mdomo wa kunyonyea, funga sponji nene kuuzunguka, kaza kwa uzi. Maji yanapita, viluwiluwi havipiti. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji ya kidimbwi chenyewe, usitumie sabuni. Na punguza kasi: viluwiluwi ni vya maji yaliyotulia, haviwezi kushindana na mkondo kutwa nzima.

MkaziWaMtaa

Mimi napinga kidogo. Manispaa wanatuambia tufukie madimbwi kwa sababu ya mbu. 2014 na 2019 dengi ilitupiga sana hapa Dar. Leo mnatuambia tuache maji yakae? Au hivyo viluwiluwi vya chura vinakula vya mbu?

KidimbwiUani

Hoja yako ni ya msingi na sitaizunguka. Viluwiluwi vya chura hawa wetu ni wakwanguaji, usivitegemee kumaliza mbu. Chura mkubwa anakula wadudu, ila naye hatakumalizia mbu wa mtaa mzima. Kwa hiyo mwenye kidimbwi ana wajibu wa kukikagua.

Mbu wa dengi anapenda vyombo vidogo: tairi, kopo, sahani ya chini ya chungu cha maua, pipa la maji lisilofunikwa. Anabandika mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, sugua ukuta wa chombo. Kuna kaya inalaumu kidimbwi kumbe mbu wanatoka kwenye sahani za maua barazani.

Kwenye kidimbwi chenyewe, ukiona vya mbu, tumia kiuadudu cha kibaiolojia cha bakteria aina ya Bti. Kiwanda cha Kibaha kinatengeneza dawa za namna hii. Bakteria hao wanaua viluwiluwi vya mbu na jamaa zao wa karibu, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hawawadhuru viluwiluwi vya chura. Usimwage mafuta ya taa wala oili chafu. Inaziba uso wa maji na kuua kila kitu.

MwalimuBaiolojia

Niongeze: chandarua chenye dawa kisitumike kufunika kidimbwi wala kuvulia viluwiluwi. Dawa yake ni ya jamii ya pairethroidi, inayomfaa binadamu kitandani lakini ni sumu kali kwa samaki na viluwiluwi. Vivyo hivyo dawa za kupulizia mbu ndani au mboga bustanini, upepo ukizileta majini umekwisha. Kufunika tumia wavu wa kawaida wa kuku.

MamaMchicha

Na wenye watoto wadogo, wekeni wavu wa chuma imara juu ya maji, ulioshikiliwa kingo zote. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana. Hilo halina mjadala.

JiraniMwema

Kwangu shida ni mbili: kelele, na nyoka. Jirani anasema vyura wangu wanaita nyoka. Pia mama mkwe anasema chura akikukojolea unaota chunjua.

KidimbwiUani

Chunjua ni virusi, na hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Vile vipele vya chura ni tezi za sumu yake ya kujilinda, haviambukizi. Ukimshika nawa mikono, usijipanguse macho. Mwenye mbwa amkataze kumtafuna, maana atatokwa na povu mdomoni na anaweza kuumwa kweli. Msuuze mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiinamia chini ili asiyameze, kisha umpigie daktari wa mifugo.

Nyoka: wapo wanaokula vyura, sitakudanganya. Ila nyoka anakaa mahali penye pa kujificha. Toa rundo la matofali, mbao na mabati yaliyosahaulika nyuma ya nyumba, fyeka majani marefu kando ya ukuta, ziba mashimo. Mimea ya unyevu iache pale karibu na kidimbwi tu, usiruhusu pori mpaka mlangoni.

Kelele ni za madume wakiita majike, na zinakuwa kali usiku wa mvua za kwanza. Kama kidimbwi kipo chini ya dirisha la jirani, kihamishe msimu wa kiangazi. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini jirani anahitaji usingizi.

MpwaniKilifi

Hujambo ndugu. Mimi niko Kilifi. Kwangu kuna povu jeupe limeshika kwenye tawi la mpera, juu ya tangi la maji lililo wazi. Kijana wa kazi alitaka kulitoa akidhani ni uchafu. Je, ni chura?

KidimbwiUani

Sijambo ndugu yangu. Ni chura, tena wa kupendeza. Huyo ni *Chiromantis xerampelina*, chura wa kijivu anayeishi juu ya miti. Jike anatoa majimaji, anayapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yanakuwa povu, huku madume wamemng'ang'ania. Povu linakauka nje, ndani linabaki na unyevu, mayai yamehifadhiwa humo. Baada ya siku nne hadi sita upande wa chini unalainika na viluwiluwi vinadondoka majini kimojakimoja. Mwambie kijana aliache. Muhimu tawi lisikatwe na tangi lisifunikwe siku hizo. Ikiwa tangi ni la maji ya kunywa, weka beseni pana lenye maji ya mvua juu yake, palepale chini ya povu, vitue humo. Ukishavipata, hamishia beseni kivulini.

MpwaniKilifi

Shukrani sana. Beseni nimeshaweka.

MzigulaMuheza

Wakuu, huku kwetu karibu na msitu wa Amani kuna vyura wa rangi za ajabu. Anayetaka viluwiluwi vyake naweza kuweka kwenye dumu na kupandisha basi la Dar.

MwalimuBaiolojia

Ndugu yangu, naomba usifanye hivyo, na naomba wengine wasiagize. Vyura wa misitu ya Usambara wengine hawapo popote pengine duniani, na joto la Dar litawaua. Na kuna ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura. Kiluwiluwi hubeba kuvu huyo mdomoni tu, kwa sababu ndipo penye keratini (protini ngumu kama ya kucha), hivyo unamwona mzima kabisa. Akigeuka chura, ngozi yote inapata keratini, kuvu anasambaa, anakufa. Wewe unafikiri umesafirisha mnyama mwenye afya, kumbe umepeleka ugonjwa kwenye maji mapya.

Tanzania tuna mfano wetu. Chura wa Kihansi aligunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta chache tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na baadaye kuvu huyo akaonekana pale pale. Mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa, la sivyo tungekuwa tumewapoteza kabisa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, 2010 wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakarudishwa Kihansi. Na ajabu yake, chura huyo hana viluwiluwi vya majini: jike anazaa watoto waliokamilika.

KidimbwiUani

Na hatari ni ya pande zote. Huyu chura wetu wa vipele, anayeonekana wa kawaida hapa, alipelekwa Mauritius 1922 ili ale wadudu wa miwa, akatoka hapo kwenda Réunion 1927, na sasa amejaa visiwa vyote viwili. Cape Town nako aliingia, akaonekana mwaka 2000, wakatumia fedha kumwondoa. Kwa hiyo kanuni ya uzi huu: usilete, usipeleke. Weka maji, vyura wa mtaani kwako watayapata wenyewe. Hata mimea ya majini isuuze vizuri kabla ya kuihamisha, mayai husafiri nayo. Chukua yungiyungi na matete ya karibu, magugu maji usiguse.

MzigulaMuheza

Nimekuelewa mwalimu. Sitatuma. Nitaweka picha tu humu.

MwalimuBaiolojia

Picha tunazisubiri kwa hamu. Andika na mahali ulipompiga picha, bondeni au juu mlimani.

KijanaKinyerezi

Kuna viluwiluwi kwangu vimekaa muda mrefu sana havioti miguu, wakati wenzao wameshaondoka. Vimedumaa?

MwalimuBaiolojia

Msongamano, chakula kidogo na maji ya baridi vinachelewesha. Mgeuko unaendeshwa na homoni za tezi ya shingo. Mwaka 1912 mtafiti Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi hiyo wakageuka kabla ya wakati, wakawa vyura wadogo mno. Homoni hiyo inahitaji madini joto, na kama vinakula kitu kimoja tu, badilisha chakula. Wapunguze, walishe vizuri, wasogeze penye mwanga zaidi. Wengi wataendelea.

BintiTabata

Narudi na habari njema. Vifo vimekoma tangu nilipowagawa. Leo jioni nimeona wanne wametoka miguu ya mbele, mmoja amekaa kwenye jiwe, mkia bado upo nusu. Niwatoe niwaweke kwenye boksi niwalee mpaka wakue?

KidimbwiUani

Hongera sana dada! Usiwatoe. Chura mdogo wa ukubwa huo anahitaji wadudu wadogo mno, wale wa chini ya majani makavu, na wengi kila siku. Kwenye boksi atakufa njaa, bustanini atajilisha. Fanya mambo matatu wiki hii: mwagia maji kidogo majani yaliyo ukingoni kila jioni, mzuie anayefyeka nyasi asipite upande huo, na bata na kuku wafungiwe. Kunguru wakianza kushuka, weka matawi yenye majani juu ya lile jiwe.

Na maji yakipungua usiku wa leo, sogeza jiwe kabla hujalala.